Darasa Zima Tulipanda Treni

Madam Poni,

Matokeo yametoka. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine, halafu nikakumbuka. Basi nakuandikia. Nimefaulu, Madam. Kiingereza ndicho kimenipa alama ya juu kuliko masomo yote, na mama alipiga vigelegele hadi majirani wa mtaa wetu wa Malakia wakatoka nje wakidhani kuna harusi. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia miguu yangu. Wewe peke yako ungejua kwa nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hapa Juba hatukifanyii mtihani. Tangu turudi kutoka kambini Kenya, hakuna aliyenipa alama kwa lugha hii. Ulikuwa unasema Kiswahili changu ni cha redio, na mimi nilikicheka kimoyomoyo Kiswahili chako cha Koboko, kule Uganda. "Mimi iko hapa, Kiden. Wewe iko wapi?" Uliniuliza hivyo kila nilipokaa nyuma kabisa na kujificha mgongoni mwa mwenzangu Wani.

Kuna jambo nililokukania usoni, na sitaki kuzunguka. Ile barua ya wanafunzi kwa mwalimu mkuu, iliyosema unatupotezea muda, niliiandika mimi.

Ulipoanza kutufundisha ulitaka kila mmoja awe na madaftari mawili. La kwanza la mtihani. La pili la vitu tulivyoviona wenyewe, kwa lugha yoyote, na hilo hukulitia alama hata siku moja. Uliandika maswali tu pembeni, kwa penseli. Mimi ambaye sikuweza kunyoosha mkono darasani, humo nilisema yote. Niliandika jinsi mapigano yalivyoanza mjini tukatoroka kwa lori la kwenda Nimule, mpakani, na jinsi mama alivyonifunika macho tulipopita Nesitu, asitake nione kilichokuwa kando ya barabara. Ukaandika pembeni: "Mkono yake ilinuka nini?" Nilikaa na swali hilo siku mbili. Kisha nikajibu: kitunguu. Nililia, Madam, kwa sababu ya kitunguu tu. Sikuwa nimelia siku yenyewe.

Lakini mtihani ulikuwa unakaribia. Wani akaanza: "Madam, hii itakuja kwa mtihani?" Na wewe: "Mimi nitajua wapi? Mimi si malaika." Darasa likacheka, lakini Wani hakucheka. "Basi tuiache, ya jamaa," akatugeukia sisi wenzake. "Tusome zile zinakuja."

Nimelifikiria sana hilo. Hatukuwa watoto wabaya. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Asubuhi hukujua jioni barabara gani itapitika, wala kama duka la unga litafunguliwa. Mtihani peke yake ndio uliokuwa na tarehe. Mwenye cheti angeweza kuvuka mpaka akasome mbele, asiye nacho angebaki. Basi tukaanza kuogopa chochote ambacho hakingesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hata mimi niliyelipenda lile daftari, siku za mwisho nililiandika harakaharaka, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake.

Wani ndiye aliyesema, "Kiden ana mwandiko wa katibu, aandike yeye." Sikujua kusema hapana. Huo ni ukweli, lakini si wote. Walinitajia la kuandika, ila ile sentensi ya mwisho, "Tunaogopa kubaki hapa," hakuna aliyenitajia. Niliitoa mwenyewe.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akakuhamishia darasa la tano.

Ulinikuta nikichota maji kwenye tangi. Ulikuwa na barua mkononi, umeisahihisha kwa penseli kama kawaida yako. Ukasema, "Hii barua ni safi. Huyu mtu ameandika kitu anaogopa kweli. Ni wewe?" Mwandiko wangu uliujua kuliko mtu yeyote hapa duniani. Nikasema, "Si mimi, Madam." Ukaikunja polepole. "Malesh, si kitu," ukasema, "basi mwambie huyo mtu ameandika vizuri." Ukaenda zako, na watoto wa darasa la tano wakakukimbilia.

Mwalimu aliyekuja baada yako alikuwa na kitabu cha marudio kutoka Uganda. Alituchagulia insha tatu tuzikariri neno kwa neno: ya harusi, ya moto sokoni, na ya safari ya treni kwenda kumtembelea shangazi. Madam, hapa kwetu hakuna treni. Darasani hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuiona. Wani aliuliza treni inapiga honi au inalia, akaambiwa, "Andika inalia. Kitabu kimesema inalia." Tulikariri mpaka nikawa naisikia ninapochambua mboga.

Siku ya mtihani, swali lilikuwa: eleza safari ambayo hutaisahau. Chumba kizima tuliinama kwa pamoja tukaanza kuandika. Hakuna aliyefikiri. Zilisikika kalamu tu. Nilikumbuka lori, Madam. Nilikumbuka mkono wa mama. Nilikuwa nayo yote, ilikuwa yangu, na niliogopa kwamba Kiingereza changu kingekosea katikati yake. Basi nikapanda treni. Darasa zima tulipanda treni, tukashuka kwa shangazi mmoja ambaye hakuna aliyekuwa naye.

Na ndiyo iliyofaulu.

Uliondoka kabla ya matokeo. Walisema malaria, kisha wakasema taifodi, na hospitalini hakukuwa na dawa ya lolote kati ya hayo. Nilikuja matangani kwenu, mtaa wa Hai Cinema, nikakaa na wanawake wasionijua, nikawaoshea vikombe ili nisiulizwe mimi ni nani kwako. Watoto wako wa darasa la tano walikuja na madaftari yao ya pili. Walisimama nayo uani, hawajui wampe nani. Ningeweza kuyapokea. Nilikuwa na sabuni mikononi, na nilitumia sabuni hiyo kama sababu.

Tangu hapo sikuweza kuandika. Nikishika kalamu, treni inakuja yenyewe. Nilitaka kumjulia hali binti wa mjomba aliye kambini Uganda, na barua ikaanza, "Ilikuwa asubuhi nzuri yenye jua kali." Na siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, Madam, nilikuwa nimeweka beseni chini ya paa linapovuja. Niliogopa. Nilijiuliza kama ndivyo mtu anavyofaulu, kwa kuondolewa kilichokuwa ndani na kuwekewa cha kitabu. Sijui jibu. Najua cheti ninacho, na nisingependa kukikosa. Siwezi kukudanganya tena, hata kwa hilo.

Sasa walimu wengi wamekimbia, na mwalimu mkuu anachukua sisi tuliomaliza ili tufundishe watoto. Aliniita. "Kiden, wewe alama zako ni nzuri. Chukua lile darasa lenu la nane. Wafundishe ile ya treni."

Nilimwambia kwanza kwamba ile barua ya kukukataa niliiandika mimi. Nilidhani atanifukuza. Hakuinua hata uso. "Hata kama. Si mlipata alama?" Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Nadhani ndilo lililonifungua mdomo, mimi ambaye hujawahi kunisikia nikiomba kitu. Nikasema nitawakaririsha insha zake zote, kwa sababu mama zao nao wanasubiri kupiga vigelegele, lakini nataka kipindi kimoja kwa wiki kisicho na alama. Alinitazama kama amemsikia mtu mwingine chumbani. "Chukua Alhamisi, kipindi cha mwisho. Watakuwa wamechoka, watakusumbua. Kalas, nenda."

Ni kidogo, najua. Ndicho nilichoweza kupata.

Nisamehe kwa barua ile, na zaidi kwa yale maneno mawili niliyokujibu kwenye tangi. Ni mimi, Madam. Nimelisema kwa kuchelewa, lakini nimelisema kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwa na kitabu mbele yangu.

Pumzika. Nakuahidi nitasoma kila watakachoniandikia, hata kikiwa kibaya, hata kikinihusu mimi. Hiyo Alhamisi wataniangalia wote kwa pamoja, na mgongo wa Wani hautakuwepo. Nitaingia hivyohivyo.

Mwanafunzi wako,
Kiden