Mikono Juu Kwenye Alizeti

Jumatano, 7 Mei
Nimechora mistari ya uwanja kwa chokaa tena. Upepo umeifuta kabla sijamaliza. Jumamosi nachezesha softiboli ya wasichana hapa Unyambwa. Atakayeshinda anakwenda Dodoma. Mwamuzi mwingine hakuna, ni mimi tu niliyejifunza chuoni. Mdogo wangu Zuhura anachezea timu yetu. Yuko kidato cha nne, nafasi nyingine hana. Sipendi kabisa. Nimemwambia mkuu wa shule, akacheka.

Ijumaa, 9 Mei
Kikao na walimu wa timu zote mbili. Shida ni shamba la alizeti lililo nyuma ya uwanja. Tumekubaliana: mpira ukizama humo, mchezaji aliye karibu anainua mikono yote miwili, nami nasimamisha mchezo. Kila mkimbiaji anapewa besi mbili kati ya vituo vinne vya kuzunguka, si zaidi. Mwalimu wa wageni akanitania nisije nikamhamishia Zuhura besi ya mwisho jikoni kwetu. Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini imeniingia. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 10 Mei
Tumefungwa.

Nimeandika "tumefungwa", na mwamuzi hana timu.

Zamu yetu ya mwisho kupiga. Wageni wanaongoza kwa pointi moja. Wawili wetu wameshatolewa, wa tatu akitoka mchezo umekwisha. Zuhura yuko besi ya kwanza. Mwenzake akaupiga mpira mrefu, ukaenda hadi kwenye alizeti. Msichana wa wageni akaufikia, akainua mikono. Niliona alizeti zikitikisika. Nikasimamisha. Zuhura alikuwa ameshazunguka besi zote, pointi ya kusawazisha, amepiga magoti anashangilia. Besi mbili kutoka ya kwanza ni ya tatu. Nikamrudisha. Aliyefuata akapiga hewa mara tatu, akatolewa. Basi.

Mwalimu wetu anasema mpira ulikuwa umelala mahali peupe, nje ya alizeti. Nilikuwa mbali. Alizeti zilitikisika. Lakini upepo huu huzitikisa kutwa.

Mwalimu wa wageni akanipa mkono. "Wewe ndiye mwamuzi. Hata mdogo wako hukumwonea haya."

Jumapili, 11 Mei
Zuhura kamwamkia Mama, kanipita. Chakula kanitengea, kakiweka bila kusema karibu. Mama anasema uamuzi ni uamuzi, kisha anagonga sufuria.

Nimesoma sheria tena. Mwamuzi akiona mpira umezama, neno lake halipingwi. Akiona. Mimi nilimwona msichana. Mpira sikuuona. Muda wa kukimbia kuuangalia nilikuwa nao, na miguu ni mizima. Kwa nini nilisimama pale? Nimekaa, nimeinuka, nimefagia uwanja wa nyumbani ambao Mama alishaufagia.

Jumatatu, 12 Mei
Mtaani wananisifu. Naomba wanyamaze.

Jumatano, 14 Mei
Jioni tulichambua mlenda, mimi na Zuhura. Mama alikuwa bado dukani. Akauliza bila kuniangalia, "Dada, ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungekimbia kwenda kuuangalia mpira?"

Nikasema, "Ningekimbia."

Hakulia. Aliuvuta ungo, akaugawa mlenda uliobaki, nusu upande wake, nusu upande wangu. Tukaendelea kuchambua.