Chupa haifunguliwi kwa mutoto mumoja

Kalemie, Alhamisi

Hakulia. Ningependa alie, ao anitukane. Mama Feza alimufunika mwanawe kitenge, akaniuliza tu kama mutumbwi wa kurudi kwao Mpala bado uko bandarini.

Surua njo imemuua huyu mutoto. Surua, ugonjwa wenye chanjo! Nimehangaika naye tangu asubuhi na oksijeni na maji ya mushipa, na sindano moja ingetosha, zamani, akiwa muzima.

Walipofika nilimuuliza mama yake kwa ukali, na sasa naona haya: «Mama, kwa nini hukumupeleka kwenye chanjo?»

«Nilimupeleka, Dokta. Muuguzi wa kwetu alisema chupa ya dawa haifunguliwi kwa mutoto mumoja, dawa itaharibika. Turudi siku watoto watakuwa wengi.»

Njo vile tunafanya. Chupa moja ni ya watoto kadhaa, na ikifunguliwa, isipoisha siku ileile inamwagwa. Muuguzi anaogopa kuulizwa dawa ilienda wapi. Na wenye kumuuliza ni sisi madaktari, tusiokanyaga Mpala siku ya kupima na kuchanja watoto hata...

Angefungua. Angefungua tu, inayobaki aimwage ziwani!

Nilimusindikiza Mama Feza, mutoto mukononi mwake. Mulangoni akageuka, akatazama chumba chetu cha surua: watoto wawili wawili kwa kitanda, mama zao chini kwenye mikeka.

«Leo njo wako wengi,» akasema.