Sauti Ni Yangu, na Binti Yangu Amesimama Kusema Si Yangu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi nasema marahaba mapema, naomba unitoe hapa nilipojiingiza mwenyewe maana hata kula nimeshindwa, na mimi kushindwa kula si jambo dogo, ni mpishi mkuu wa shule ya bweni, huu mwaka wa kumi na tisa, watoto mia sita wanakula mikononi mwangu na hajaugua hata mmoja. Wananiita Honi kwa sababu nikiita zamu ya chakula nikiwa jikoni, hata walioko uwanja wa mpira wanasikia. Sauti hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba lakini nimemzaa mpima ardhi. Hapo niruhusu nijisifu kidogo. Binti yangu wa pili, ana miaka thelathini na mmoja, darasani kwao walikuwa wasichana wawili tu na mwenzake akaacha njiani, leo akisimama barabarani na ile mashine yake ya miguu mitatu magari yanapunguza mwendo, na akiongea hata watu wazima wanavua kofia. Mwaka huu ameomba chama kimsimamishe udiwani wa kata yetu. Kwenye mchujo wamebaki wawili, yeye na mkunga mstaafu, mama mwenye heshima zake, nusu ya kata imepita mikononi mwake ikilia, siwezi kumsema vibaya, ila binti yangu ni moto.

Sasa Jumatano ya wiki juzi natoka kununua vitunguu vya jikoni nikapita mbele ya ofisi ya chama, mlango uko wazi, nikamwona mkunga anamrudishia karani fomu yake, karani akaipokea akitikisa kichwa, wakapeana mikono, mkunga akatoka anachechemea. Mshauri, moyo uliruka, nikajua amejitoa. Sikuuliza mtu. Nilipofika jikoni nikachukua simu nikamrekodia mdogo wangu anayeishi mbali ujumbe wa sauti, nikamwambia mkunga amerudisha fomu, nimemwona kwa macho yangu haya mawili, udiwani umeshaingia nyumbani. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikianza kitu kitamu huwa sikiachi bila kukitia chumvi, nikaongeza kwamba nilisimama naye, na ameniambia kwa mdomo wake magoti yamemshinda, anamwachia mpima ardhi, na watu wake wasijisumbue kwenda mkutanoni. Hayo hakuniambia. Hata salamu hatukupeana. Kumbe alikuwa anabadilisha picha ya kwenye fomu tu, ya kwanza alipiga na miwani wakaikataa.

Mdogo wangu kwa furaha akamtumia mtu mmoja, huyo akamtumia mwingine, kufika jioni kata nzima inausikiliza, haujulikani umetoka kwa nani. Kesho yake mkunga alikuwa na mkutano uwanja wa shule, viti mia mbili vya plastiki, wakaja watu kumi na saba, akawahutubia hao hao bila kumtukana mtu. Wafuasi wake waliobaki nyumbani waliposikia kumbe amesimama na maikrofoni na hajajitoa popote, wakaja mtaani kwetu wamefura, wa kwetu nao wakatoka, watu wa chama kimoja, kofia rangi moja, nyimbo zile zile, wakachaniana mabango. Fundi viatu wetu alipigwa kiti, akashonwa nyuzi tano juu ya jicho, na aliyempiga ni muuza nyama, vibanda vyao vinagawana ukuta mmoja, miaka yote wanaachiana funguo. Sasa hawasalimiani.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba ile sauti mbona kama ya Honi. Binti yangu akanifuata jikoni, nasugua sufuria, akasema, "Mama, niangalie. Ni wewe?" Nikamwambia, mimi nianzie wapi? Akasema basi, yameisha, akanikumbatia na mapovu yangu.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye anasimamia kampeni, akasema mbona jambo liko wazi, ni msusi. Huyu msusi ana saluni inayotazamana na geti la shule, ni rafiki yangu wa miaka, ndiye alimsuka binti yangu siku ya kuhitimu, ila yuko upande wa mkunga kwa sababu ndiye aliyemzalisha mapacha wake. Ana kipaji cha kuigiza watu. Kila harusi lazima aniigize nikiwafokea wasaidizi wangu jikoni, na mimi ndiye huwa nacheka kuliko wote, nashikilia mbavu. Shemeji akasema ametuigiza makusudi ili ionekane sisi ndio waongo. Watu wakakubali. Wateja wakahama saluni, mlangoni wakaandika MCHONGANISHI kwa rangi nyekundu, na sasa Jumamosi hii kamati ya nidhamu ya chama inakaa kumjadili, wanataka kumfukuza uanachama.

Jumapili iliyopita kulikuwa na kikao cha wanachama wote kwenye bwalo letu la shule. Binti yangu akasimama. Akasema, "Mama yangu amewalisha watoto wenu miaka kumi na tisa. Hajawahi kuwapa kilichooza, na hawezi kuwapa uongo. Ile sauti si yake, naweka jina langu juu ya hilo." Bwalo likapiga makofi. Mshauri, nilijisikia fahari na aibu vimekaa kiti kimoja. Kisha msusi akasimama, tukajua atafoka, hakufoka. Akasema, "Mwenye sauti yumo humu ndani. Sitamtaja. Nampa nafasi ajitaje." Akakaa. Nikajua huyu ananitishia, siku yoyote atanianika.

Nilipomgusia shemeji kwamba huenda ile sauti ilinitoka mimi, akaziba masikio kwa vidole, kweli kabisa, mtu mzima. Akasema, "Shemeji, sijasikia kitu. Zimebaki siku tisa. Baada ya kura tutakwenda kumwomba msamaha kimya kimya, na keki." Mdogo wangu naye anasema amefuta kila kitu kwenye simu yake na hata wamfanye nini hatasema.

Naomba uniambie, je, si afadhali nisubiri hizo siku tisa? Nikisema sasa nimemzamisha mwanangu aliyeweka jina lake kwa ajili yangu. Nisiposema, rafiki yangu anafukuzwa kwa mdomo wangu. Tafadhali jina langu usilitaje.

Mimi, mama wa mgombea

*

Mama wa mgombea,

Marahaba, nimekuzidi kidogo. Pole sana. Umemlea binti wa kusimama mbele ya watu na kumtetea mama yake, na hakuna anayekunyima sifa hiyo. Sasa tuyaache ya sifa, maana ulizihitaji sana ndiyo ukafika hapa.

Kuona fomu inarudi mezani ukadhani mtu amejitoa, hilo ni kosa la macho, ningekusamehe kabla hujamaliza sentensi. Magoti ulimtungia. Usiniambie ulitia chumvi. Chumvi haimpeleki fundi viatu kushonwa nyuzi tano. Ulitunga maneno ukayaweka kinywani mwa mwanamke mwenzako, ukawaambia watu wake wakae nyumbani, wakakaa. Kisha mtoto wako akakuomba umtazame machoni, ukadanganya mara ya pili, na hiyo ndiyo itakayomuuma zaidi.

Unaniuliza kama usubiri siku tisa. Za nani? Msusi amebakiza mpaka Jumamosi. Shemeji yako anajua kuhesabu siku za kura tu, na anayeziba masikio kwa vidole ameshasikia. Keki aile mwenyewe.

Halafu nenda karudie yale maneno ya msusi. Wewe umesikia kitisho. Mimi nimeyasoma mara tatu, sikioni kitisho. Mwanamke anayekuigiza kila harusi aliijua sauti yako tangu neno la kwanza. Angeweza kukuigiza pale pale mbele ya bwalo zima, kisha akawataka wapige ile rekodi, wasikie tofauti, akatoka msafi. Binti yako alikuwa amemaliza kusema muda huo huo, angeanguka pale pale. Msusi akakaa chini. Amekulinda wewe, na amemlinda mtoto aliyemsuka mwenyewe, huku mlango wake una rangi nyekundu. Huyo bado ni rafiki yako. Ila usidhani atakaa hivyo milele, na wala hapaswi.

Basi sikiliza. Leo hii, kabla ya kwenda kazini, mwambie binti yako. Usianze kwa kulia, maana ukilia itabidi yeye akubembeleze, na leo si zamu yake. Mwambie, "Sauti ilikuwa yangu, na uliponiuliza nilikudanganya." Kisha nyamaza. Akikasirika mwache akasirike. Kama atasimama tena mbele ya watu, au atajitoa, au ataendelea, hayo ni ya kwake kuamua. Jina aliloliweka pale bwaloni ni lake. Si lako wala la shemeji.

Ukitoka hapo vuka barabara uingie saluni. Mchana, mlango wazi, wateja wakiwepo kama wapo. Walimchafua mbele za watu, usimsafishe uchochoroni. Na uende na kitambaa na mafuta ya kufutia ile rangi, uifute wewe.

Kisha rekodi ujumbe mwingine, kwa simu ile ile, mpe mdogo wako aupeleke kule kote ulikopita wa kwanza. Uwe mfupi. Sema wewe ni nani, kwamba mkunga hakujitoa wala hukuongea naye, kwamba msusi hahusiki. Ukifika kwenye neno "lakini", futa uanze upya. Na binti yako usimsifu humo ndani hata kwa nusu sentensi, najua itakuwa kazi.

Kabla ya Jumamosi andikia kamati barua, na siku yenyewe ukakae pale watakapokuita. Mkunga mfuate kwake, umwambie mbele ya watu wa nyumba yake. Fundi viatu na muuza nyama huwezi kuwapatanisha, waombe radhi kila mmoja kibandani kwake, mengine watamalizana wao.

Je, binti yako atapoteza kura? Huenda. Siwezi kukuongopea, waongo tunao wa kutosha wiki hii. Lakini kata yenu sasa inajua mgombea mmoja anaweza kuhutubia viti vitupu bila kutukana mtu. Mpe mwanao nafasi ya kuonyesha na yeye yukoje siku mambo yakimgeukia. Ulichoniandikia juu yake kinanifanya niamini ataiweza.

Simama, mama. Nenda.

Mshauri wako

*

Kwa wasomaji: jibu hili nilimtumia mwenyewe kwa simu Jumatano asubuhi, nikamwambia sitachapa kitu mpaka aniruhusu. Jana Jumapili amepiga, anasema nichape yote, ya jikoni na ya saluni humo humo, hana tena cha kufichwa. Kamati haikumfukuza mtu. Msusi alimwacha afute mlango mzima peke yake, akamletea kiti alipofika kwenye herufi ya mwisho. Binti bado anamjibu kwa mkato, ila amesimama tena mbele ya wanachama akayafuta maneno yake, na leo Jumatatu amemtaka mama yake wafuatane nyumba kwa nyumba, kila mlango mama aanze yeye kusema alichofanya.

Nikamuuliza, binti atashinda?

"Sijui, mshauri," akasema. "Kwa kweli sijui."