Kondoo wa Kunoneshwa

Jumapili, 6 Septemba 1959

Nimerudi kutoka Gatuanyaga. Vumbi mpaka kwa meno. Na aibu juu yake, ambayo haitoki na maji.

Tulipeleka kondoo kwa Zacharia, baba ya Warigia, yule msichana mjukuu wangu Muigai anataka kuoa. Kondoo nilimnonesha mimi mwenyewe, kwa kizizi cha ndani ya nyumba yangu, majani ya viazi nikikata kwa mikono hii. Mafuta alikuwa nayo. Mkia mzito. Lakini mwili! Mdogo. Zacharia akamzunguka, mikono nyuma, kama bwana shamba. Akauliza wazee wake kama huyu ni kondoo ama ni sungura amevaa koti. Wakacheka. Watu wazima na mvi zao, meno yote nje.

Mimi! Wangeci! Kondoo zangu zilikuwa zinabebwa na wanaume kwa machela kwa sababu haziwezi kutembea kwa mafuta! Toka Ruiru mpaka Thika, uliza mwanamke yeyote.

Zacharia akasema huyu amempokea kwa heshima tu. Lakini yule wa siku ya harusi, akiwa hivi hivi, atarudi nyumbani pamoja na aliyemleta. Ati iko kijana mwingine pale Thika, ana lori, anaulizauliza habari ya Warigia.

Na Muigai? Ticha mzima. Aliangalia viatu vyake.

Jumatatu, 7 Septemba 1959

Njambi, mjane wa mwanangu, anauliza naandika nini. Nimemwambia ni maombi. Yeye anasoma Kikuyu peke yake. Hiki Kiswahili nilichookota jikoni kwa mzungu wa kahawa hawezi kukisoma. Achungulie mpaka shingo iume.

Leo nimesimama nikaangalia kondoo wakitoka. Ni kweli wamekuwa wadogo. Wakati naolewa hapa Gatongora, mgongo wa dume ulinifika kwa kiuno. Hawa wa sasa wanapita chini ya meza. Nimeanza kufikiria jirani fulani mwenye jicho baya. Jina siandiki.

Muigai amerudi kutoka shule na sababu mkononi. Ati ni mimi! Ati nawafungia gizani, nafasi kidogo, mwili unajikunja, na mtoto anazaliwa amejikunja tayari. Ati hata twiga zamani alikuwa na shingo fupi. Akavuta, akavuta, akitafuta majani ya juu, shingo ikawa ndefu, watoto wakazaliwa nayo hivyo. Ati na kondoo wangu wakiachwa wajinyooshe watarefuka.

Nikamwambia njoo hapa. Shika sikio langu. Shika! Nilitobolewa nikiwa msichana, nikatiwa kijiti, kijiti kikaongezwa, mpaka sikio likagusa bega. Mama yangu hivyo hivyo. Mama yake hivyo hivyo. Baba yako alizaliwa na tundu? Wewe una tundu? Mbona masikio yako yamezibwa mpaka hata maneno hayaingii?

Akachukua vitabu vyake akatoka. Na twiga wake akamfuata.

Ati hiyo ndiyo shule tulimlipia kwa jasho. Upepo!

Jumatano, 9 Septemba 1959

Lakini yupo mmoja. Yule dume mtoto wa jike mwenye doa kwa jicho. Mwaka hajamaliza na tayari amempita mama yake. Amerudisha mwili wa wale wa zamani, sijui ameutoa wapi. Asubuhi amevunja mlango wa zizi kwa kichwa. Nimemchapa. Kisha nimempa maganda ya ndizi.

Huyu ndiye wa harusi. Nimetuma neno kwa Kiilu, yule Mkamba anayehasi kondoo wa matuta yote haya. Mkono wake ni mwepesi, mnyama halii mara mbili. Akihasiwa sasa, nimnoneshe mpaka Februari — Zacharia atatafuta mahali pa kuficha uso. Dume mzima hapana, hawezi kupelekwa. Hanoni vizuri, na nyama yake inanuka, wazee watatema chini.

Nimemwambia Njambi aanze kukata majani. Amevuta mdomo. Avute.

Ijumaa, 11 Septemba 1959

Muigai ameleta gazeti. Anasomea mama yake ili na mimi nisikie, ananijua. Ati huko Tanganyika wamechimba fuvu la mtu wa zamani sana, taya kama ya mnyama. Basi, anasema, hiyo ni ushahidi, watu tulitoka kwa nyani.

Nimepiga meza. Nyani wako hapo mtoni mpaka leo, wananimalizia mahindi! Hao ilikuwaje? Walikataa kugeuka? Ama bado wanapanga foleni? Nimeteka maji mto ule toka niolewe, sijaona hata mmoja amevaa suruali!

Njambi akacheka. Sikujua bado anajua kucheka.

Muigai akaona aibu, akapandisha sauti. Ati mimi sielewi. Ati mambo yote ni nguvu. Wenye nguvu wanabaki, wanyonge wanakufa, ndiyo dunia inakwenda mbele.

Hapo sikupiga meza. Nilimuuliza, baba yako alikuwa mnyonge?

Gichuru wangu. Mlango huu alikuwa anainama kuingia. Wakati wa Imajensi askari wa serikali walipanga wanaume barabarani, wakachagua wale wenye mabega. Wembamba na wenye kukohoa wakaambiwa nendeni nyumbani. Gichuru hakurudi. Leo hapa kwetu nani anazaa? Wenye kukohoa. Ati dunia inakwenda mbele!

Njambi aliinuka akaenda kukoroga sufuria. Sufuria haikuwa hata na moto chini yake.

Jumapili, 13 Septemba 1959

Mgeni. Anaitwa Dalmas, ticha mwenzake Muigai, mtu wa upande wa Kakamega. Mrefu, viatu vimepigwa rangi. Ananiita Kukhu, ati kwao ndiyo nyanya, kama sisi tunavyosema Cucu. Amekula githeri yangu, akaongezwa, akaongezwa tena. Tumbo la huyo mtu halijasoma.

Na Muigai, kwa ujinga wake, akamwuliza habari ya twiga. Alitaka asaidiwe kunishinda. Dalmas akamcheka! Akasema, wewe ticha, umelala darasani? Twiga hakuvuta kitu. Walizaliwa wengine shingo ndefu kidogo, wengine fupi kidogo, kama watoto wa nyumba moja. Wale waliofikia majani ndio waliozaa zaidi. Basi. Hakuna aliyejinyoosha.

Nikamwambia Muigai, umesikia? Masikio!

Lakini hakuishia hapo. Ati nyani si babu yangu, hakuna mtu mwenye akili alisema hivyo. Ati mtoto wa shangazi yako hakukuzaa, lakini mna nyanya mmoja. Nyani na sisi ni hivyo, nyanya wa zamani sana, kisha kila mtu akaenda na njia yake. Ndiyo sababu wao wako hapo mtoni na sisi tuko hapa.

Yaani nyani ni binamu yangu! Nikamwambia labda huko kwao Kakamega. Akacheka, akaomba chumvi. Mtu hana haya.

Akasema tena si nguvu, Muigai amekosea. Mnyama anaweza kuwa mdogo, mwoga, goti bovu. Akiachwa azae, ndiye ataonekana kwa watoto.

Kisha akageuka akaangalia kizizi changu. Akauliza, Kukhu, wa kunonesha unachagua yupi?

Yule mkubwa, nikasema. Unafikiri nachagua na macho yamefungwa?

Na anahasiwa?

Anahasiwa. Toka Mungu aumbe kondoo.

Na wa kupanda majike anabaki nani?

Nikasema, yule hakuna mtu anamtaka.

Alirudi kwa githeri yake. Afadhali angesema! Ningemjibu. Lakini alitafuna tu, pole pole, na Muigai akaangalia viatu, na Njambi akaniangalia mimi.

Nikampa Dalmas kofia yake.

Jumatatu, 14 Septemba 1959

Sina la kuandika. Mtu kutoka mbali huko, kuja kunifundisha kondoo! Mimi!

Jumanne, 15 Septemba 1959

Yule mwekundu aliyeenda harusi ya Gichuru. Alikuwa na kifua kama cha ndama.

Yule mweupe wa siku Muigai amezaliwa.

Yule tulipeleka kanisani Thika, padre akamaliza mguu peke yake, Mungu amsamehe.

Wale wawili wa mahari ya ndugu yake Gichuru. Mapacha, wote wakubwa. Wote walipita kwa kisu cha Kiilu, na kabla ya Kiilu, cha baba yake.

Na huko nyuma kwa majike aliachwa nani? Yule wa goti bovu. Hata jina hakuwa nalo. Tulimwita yule. Ondoa yule mlangoni. Yule amelala tena.

Hawa wote wa leo ni watoto wa yule.

Nimefunga kitabu hiki kwa kishindo mpaka kuku wameruka. Nimekifungua tena kuandika kwamba Dalmas hana adabu.

Alhamisi, 17 Septemba 1959

Neno kutoka Gatuanyaga. Zacharia anamtuma mke wake Jumamosi aje kuona dume wa harusi kwa macho yake. Amwone amehasiwa, amefungwa kizizini, amekatiwa majani. Hataki sungura wa pili. Asipomwona, tusijisumbue. Kijana wa lori alikula kwao Jumapili.

Muigai amekuwa rangi ya majivu. Kiilu aje mara moja! Kiilu aje leo!

Nikamwuliza, na maneno ya rafiki yako? Wewe si ndiye uliniambia kondoo nimewaharibu mimi? Huyu ndiye mkubwa peke yake tuliyebaki naye. Hajapanda hata jike mmoja. Kiilu akimkata leo, kesho tuna nini? Watoto wa yule.

Akasema, Cucu, hayo ni ya darasani.

Hayo ni ya darasani! Watoto wa watu wanakaa juu ya benchi wakimsikiliza, wanaandika, wanachapwa wakikosea, na yeye mwenyewe anayaacha mlangoni na chaki. Kutoka wiki iliyopita ananisumbua na twiga. Leo twiga amekufa kwa sababu ya sketi!

Njambi akasema, kwa sauti ile yake ndogo, si tununue mwingine mkubwa, soko la Ruiru wako, wamenoneshwa tayari.

Nikamwambia siku nitapeleka kondoo aliyelishwa na mkono wa mwanamke mwingine, mnizike siku hiyo, msingoje kesho.

Amechukua panga. Ameenda kukata majani.

Jumamosi, 19 Septemba 1959

Kiilu amekuja mapema, kisu kwa kitambaa, majivu kwa kibuyu. Nimempa uji. Nimempa tena. Akasema, mama, mimi nimekuja kunywa ama kukata? Muigai akasema kukata. Amevaa tai, kwa sababu mama ya Warigia anakuja. Ameoga mpaka anang'aa. Shingo nyembamba kwa kola. Hana shingo ya baba yake.

Nikasema ngojeni, nitamtoa mimi, ananijua.

Nimeingia. Dume alikuwa amesimama katikati ya nyumba, tayari ametoka kizizini, mlango ameulaza chini tena. Akaja. Pale kwa kizingiti cha chumba cha ndani akainamisha kichwa ili apite.

Nikamfuata humo ndani, nikatia komeo.

Sasa niko huku naye. Anatafuna kona ya blanketi. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi.

Muigai anagonga. Cucu, fungua. Cucu, amepatikana? Kisha Cucu, tafadhali. Nimemwambia Kiilu arudi kwake. Kiilu anasema ametembea kutoka ng'ambo ya Thika, haendi na mikono mitupu. Nimesema apewe kuku. Yule mwekundu.

Muigai anasema, Cucu, unataka nikose Warigia kwa sababu ya mnyama? Sauti yake inapasuka kama alipokuwa mdogo. Ningetaka awe anatukana. Kutukanwa nakuweza.

Sikusema Dalmas ana haki. Sijaandika hivyo na sitaandika. Nyani si binamu yangu. Nimesema tu huyu hapana. Wakubwa wote wamekwenda, kila mmoja kwa sababu nzuri, kila mmoja tukapiga makofi. Huyu hapana.

Nimeweka mdomo kwa ufa wa mlango. Nimemwambia Muigai, soko la Ruiru wanauza.

Akauliza, unasema nini?

Nikasema umesikia.

Akasema lakini leo, Cucu! Anakuja kuona leo! Akifika atakuta kizizi kitupu na mlango umefungwa, utamwambia nini?

Sijui nitamwambia nini. Mlango umelia kidogo, lakini si kugongwa. Ni Njambi. Ameketi kwa kizingiti upande wa nje, mgongo kwa mlango. Namsikia anamwambia mwanawe, mwache cucu yako. Muigai anamwambia mama, toka. Hatoki. Mjane wa mwanangu, mvuta mdomo, hatoki!

Hodi. Ni mwanamke. Sauti ya Gatuanyaga, kavu. Hodi tena. Hakuna mtu anajibu. Kiilu ameanza kukohoa kama mtu aliyekutwa kwa nyumba ya wenyewe. Mimi ndiye mkubwa hapa, mimi ndiye wa kujibu, na dume ameniegemea gotini na uzito wake wote — na huyu bado ni mtoto —