Kiti cha Upande wa Kushoto

Mpwa wangu kipenzi,

Mimi mjomba wako, niliyemshika chui mkia na chui akaomba radhi, hapa hospitali nimepatikana. Tangu kiharusi kimwangushe mkazamjomba wako, nakaa kushoto kwa kitanda namsemesha, wala hanitazami. Nesi akija upande wa pili, anatabasamu! Nikajua tu, wamemjaza maneno. Hata chakula anabakiza nusu sahani, ile ya upande wangu.

Jana nikamvaa nesi: "Mmemwambia nini mke wangu?"

Akacheka. "Mzee, kiharusi kimemfutia upande wa kushoto, hajui kama upo. Hamisha kiti."

Nikahamisha, huku simwamini. Mke wangu akanikazia macho: "Ulikuwa wapi? Nilidhani umenikimbia."

Usiushangae mwandiko huu, karatasi haina wa kuishikilia. Mkono wangu mmoja anao yeye.

Mjomba wako