Chubwi Katika Wavu wa Mama Atieno

Kisumu

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na kwamba hukurudi baharini kabla haujapona, ingawa nakujua. Na Mama je, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Mengine ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeniuliza kama samaki wanapatikana, ningekujibu wanapatikana, na mazungumzo yangeishia hapo.

Unakumbuka nilivyoondoka nyumbani kwa mbwembwe. Tajiri mwenye boti ndogo ya kupeleka wageni ziwani kuvua mbuta alitaka mtu anayejua danriga, nami niliijua tangu zile siku za boti za wageni huko kwetu. Wewe hukuipenda kamwe. Ulisema samaki anayefuatwa na mashine hana bahati. Lakini ni kifaa kizuri: gurudumu la waya linafungwa ubavuni mwa boti, mwisho wa waya kuna chubwi, tufe zima la risasi lenye pezi nyuma, zito kama mtoto mchanga. Mshipi unabanwa kwenye waya kwa kibanio, chubwi linaushusha mpaka chini walipo wakubwa, boti inatembea polepole. Samaki akivuta, kibanio kinaachia, na mnabaki ninyi wawili, wewe na yeye.

Watu wa huku walikuja kuitazama kama harusi. Mimi nami nikavimba kichwa. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Atieno, mwenye mashua yake na wavu wake mmoja mrefu, na ananipikia pia. Wakisikia ninavyoongea wanacheka, wanasema Kiswahili changu ni cha kusoma habari redioni. Mama Atieno alinionya mapema: "Hapa chini imejaa nyavu za watu. Uliza kwanza yenye iko wapi." Nikamwambia mimi nimezaliwa baharini, Mama, hili ziwa lenu kwetu ni dimbwi. Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu, na walicheka kwa heshima ya mgeni.

Asubuhi moja nilitoka na mgeni mmoja, mzee wa Nairobi. Upepo wa siku iliyotangulia ulikuwa umesukuma gugumaji mpaka mbele ya ufuo wetu, na yale madumu ya plastiki ambayo wavuvi hufunga juu ya nyavu zao yalikuwa yamefunikwa. Sikumuuliza mtu. Nikashusha chubwi kama ninavyolishusha kwetu nje ya mwamba, pima kwa pima, bila wasiwasi. Kidogo tu boti ikasita, waya ukakaza, nyuma ya boti pakaanza kuzama upande mmoja. Mgeni akadhani tumepata samaki wa kuandikwa kwenye gazeti. Mimi nilijua. Mkono ulioshika wavu tangu utotoni unajua.

Na nilijua pia la kufanya, kwa sababu ulinifundisha wewe, na huku desturi ni ile ile: ukinasa wavu wa mtu unazima mashine, unalegeza, unautoa taratibu hata kama ni siku nzima, na ukishindwa unafunga alama na kurudi ufuoni kumtafuta mwenyewe. Wavu wa mtu haukatwi. Lakini mgeni alikuwa amesimama ananiangalia mimi, yule mtu wa bahari aliyesifiwa sana, na mimi nimenasa kwenye dimbwi. Nikatoa kisu. Nikakata kamba ya juu na matundu yote yaliyoushika waya. Nilipoukunja, waya ulikuja mtupu, chubwi limechomoka na kubaki chini wavuni. Mgeni nilimwambia ni magugu. Tajiri nilimwambia ni jiwe.

Mchana wavuvi wakarudi na ule wavu kwenye mashua, kumbe ni wa Mama Atieno, vipande viwili, na cha tatu hakikuonekana. Mama Atieno alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Katikati ya matundu walikuta chubwi. Hakuna aliyelijua, kwa maana walikuwa wameitazama danriga ikiwa juu ya boti na chubwi limeshazama majini, au walitazama gurudumu tu. Wakalipokezana mikononi.

Hapo ndipo aliposimama mtu mmoja na kusema ya Okoth. Okoth ni kijana wa Port Victoria aliyekuwa akimfanyia Mama Atieno kazi ya mashua, naye walikuwa wamegombana jana yake kuhusu mahali pa kutega. Okoth aliona pale hapafai. Mama Atieno akakataa, na yeye kwa hasira akasema mbele ya watu wote, "Sawa, lakini hiyo wavu itakupotea." Sasa maneno yake yakamrudia. Wakasema amekata wavu na kuufunga uzito ili uzame, aje auchukue mambo yakitulia.

Mama Atieno akanigeukia. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita. "Wewe ni mtu ya bahari. Hii kitu ni ya nini?"

Baba, nilikuwa nimelishika mkononi. Pezi lake lilikuwa na mkwaruzo niliouweka mimi mwenyewe.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Hata wewe hujui? Basi ni ya wezi."

Okoth alinitazama mimi, si Mama Atieno. Sidhani alijua, nadhani alitafuta tu mgeni mwenzake wa kumsaidia. Akasema, "Mama, mimi naweza kata wavu yenye inanilisha kweli? Aki ya Mungu." Mwenyekiti wa ufuo akamwambia achukue vitu vyake. Aliondoka na mfuko mmoja, mchana, watu wakimtazama, na mimi nikiwa mmoja wao.

Ningependa kukuambia kwamba sikulala. Nililala. Nilikula pia. Mama Atieno akaanza kunipa kichwa cha samaki ambacho zamani alimpa Okoth, akisema sasa mwanamume wa kunisaidia ni wewe. Nilikuwa nakaa naye jioni nikishona wavu wake, na majirani wakipita wananisifu: angalia huyu, si wa kwetu lakini ana utu. Ndilo lililonishinda, hizo sifa. Tusi ningelimeza.

Jumapili watu walipotoka kanisani niliwaita kwenye boti. Niliweka chubwi jipya la tajiri kwenye waya, na lile la wavuni kando yake, nikawaonyesha. Lakini hawakuelewa mara moja, ikabidi nieleze kifaa chote, kibanio kinavyofanya, waya unavyoshuka. Wakasikiliza kama darasani. Mzee mmoja akauliza kama inaweza kufungwa kwenye mashua ya makasia. "Kumbe ni mashine poa," akasema, na mimi nataka ardhi ipasuke. Mpaka niliposema kisu ndipo walipoelewa.

Mama Atieno aliuliza swali moja tu.

"Ile siku nilikuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

Akaenda jikoni. Hakunifukuza. Jioni aliniwekea chakula changu mlangoni pa chumba, kimefunikwa vizuri, akagonga na kusema, "Bwana Kahindi, chakula." Tangu hapo mimi ni Bwana.

Huku jina la mtu likiharibiwa, mliomharibia mnaenda kulisafisha kule kwao, si kwa simu. Basi tulikwenda Port Victoria, mimi na mwenyekiti wa ufuo. Tulimkuta Okoth nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Kitanda chake kilikuwa kwenye banda la mbuzi. Mama yake alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, na mwenyekiti akaomba msamaha kwa niaba ya ufuo. Yule mama hakunitazama hata mara moja. Alisema, kama anayejisemea, "Mimi nilimwambia nyumba yangu haiwezi lala mwizi." Kisha akaita, "Okoth, kuja ukae ndani." Okoth akasema ametosheka hapo nje. Akaendelea kupasua kuni mpaka tukaondoka.

Sasa amerudi kwenye mashua ya Mama Atieno, kwa kuwa aliombwa naye ana shida. Anafanya kazi yake vizuri lakini hagusi chakula cha nyumba ile. Tajiri hakuniachisha kazi. Asubuhi, kabla sijashusha kitu, nazunguka mashua zote kuuliza nani ametega wapi, na wananijibu wote, hata Okoth, kwa kidole.

Nisalimie Mama, na dada Kadzo msuka makuti na watoto wake. Mjomba, fundi wetu wa mashua, mwambie patasi yake ninayo na nitairudisha. Shangazi wa kule juu kisimani msalimie pia, na umwambie asitangaze tena kanisani kwamba mimi ni kapteni.

Baba, nina ombi moja. Habari husafiri, na huku kuna madereva wa kwetu wanaoleta nazi sokoni. Mimi nakujua: mtu akimsema mwanao unasimama kumtetea, hata ukiwa katikati ya chakula, hata kwa mguu huo. Mama yake Okoth hakusimama, na mwanawe hakuwa na kosa. Siku utakapoambiwa kwamba Kahindi alikata wavu wa mjane, akanyamaza mwingine akifukuzwa, usisimame. Kaa hapo hapo ulipokaa, Baba, na uwaambie ni kweli.

Mwanao,
Kahindi