Fundo la Baba kwenye Gunia la Kabichi

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mama hajambo. Mimi ni mzima, ila vidole vinanuka kitunguu hata nivisugue vipi.

Baba, leo nimeona kitu nikakaa chini. Hapa kwenye jiko la shule tunaletewa kabichi na mfanyabiashara wa jumla, magunia kwa magunia, wala hatujui yanatoka wapi. Leo nimeshika gunia nilifungue, mkono ukasita. Kamba ilizungushwa mara mbili, ikapitishwa chini, ncha ikafichwa ndani kama mtu anayechomekea shati. Nani mwingine duniani anafunga gunia hivyo? Nikacheka, kisha machozi yakanitoka. Safari yote ile, masoko yote yale, na kabichi zako zimekuja kutua kwenye meza yangu. Nikawaambia wenzangu hizi amelima baba. Mpishi mkuu akasema basi nizikate mimi mwenyewe.

Mwanao,
Kijiko

11 Machi

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mama yako anakusalimu sana. Barua yako amewasomea majirani wote, hata waliokuwa na haraka.

Mimi nikishapakia gunia kwenye lori, kwangu limekwisha. Kumbe lina mahali linapokwenda, na huko uko wewe. Jambo hili linanishangaza mpaka leo. Hebu niambie, wanaozila ni akina nani? Msimu huu zimenitoa jasho. Zamani nilipiga dawa nikiona wadudu tu. Siku hizi kila wiki nimebeba bomba, nachanganya dawa za aina mbili tatu, na viwavi wananitazama tu. Muuza dawa naye, kila nikienda ana chupa mpya.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nawaombea afya njema, nami sijambo.

Umeuliza wanaokula. Ni watoto wa shule, wengine meza inawafika kidevuni. Kabichi zilipendeza, hazina hata tundu. Ila gunia lilipofunguka nilisikia harufu ya kile chumba chako cha bomba, ulichotukataza kuingia tulipokuwa wadogo. Nimeziosha, nikarudia, harufu haikuisha yote.

Nina swali, na usinikasirikie. Lile tuta la mama nyuma ya jiko hujawahi kulipiga dawa. Kila nyumba hapo kwetu ina tuta lake la kula na shamba lake la kuuza, na nimekua nikijua ndivyo mambo yalivyo. Sasa mimi nakula hapa pamoja na hawa watoto. Baba, sisi tuko tuta gani?

Mwanao,
Kijiko

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima.

Najua nimekaa kimya. Barua yako iliniudhi, nikaitupa juu ya kabati. Mama yako akaishusha, nikairudisha. Mwishowe nikaenda kuchuchumaa kwenye tuta lake nitafute wadudu, nikuandikie kwamba nalo limeshambuliwa vilevile.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, niliwakuta. Lakini wengi walikuwa wamekauka, wamevimba, wamegeuka rangi ya kahawia. Nikawa namtazama mmoja, mara mgongo wake ukafunguka kama mfuniko wa sufuria, akatoka nyigu mdogo kama mbegu ya kabichi. Akajipangusa mabawa, akaruka. Nilibaki hapo chini mpaka mama yako akadhani nimeanguka. Jani la pili, wadudu wekundu wenye madoa meusi walikuwa wanakula vidukari bila kuniangalia. Jeshi zima lilikuwa nyuma ya jiko letu miaka yote, na mimi napita na bomba kwenda kuua wenzao.

Nimeacha kupiga. Sikufichi, naogopa. Viwavi walikula sana mwanzoni. Tunawaokota kwa mikono, na vichwa vingi vya kabichi vimeharibika. Majirani wananiuliza kama naumwa. Lakini wale wekundu wameanza kuvuka kuja shambani.

Nimempa mwenye lori gunia akuletee wewe. Kabichi zina matundu, na sokoni hawazitaki. Mpishi mkuu akizikataa, nitarudi kwenye bomba, sina njia nyingine. Niandikie ukweli.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo, wewe na mama. Gunia limefika, fundo lile lile.

Mpishi mkuu alitoa kichwa kimoja, akapitisha kidole kwenye tundu, akauliza kama baba yangu anafuga mbuzi shambani. Akaniambia nilifunge, lirudi lilikotoka. Nikainama kuokota kamba.

Ndipo katikati ya majani akatoka mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Akatembea mezani, akakizunguka kisu, akapanda mkono wa mpishi mkuu. Mwenzangu aliyekuwa akikoroga uji akaacha mwiko. Baba, huyu mpishi mkuu ni mama aliyekata mboga hapa tangu jiko lijengwe. Alimfuata kwa macho mpaka kwenye kiwiko, akasema taratibu, "Sijawahi kuona kitu kikitoka hai kwenye gunia."

Akampeleka dirishani, akampuliza, mdudu akaruka. Kisha akarudi akachukua kisu. Tumezikata zote, na amesema msimu ukiendelea ulete zaidi.

Watoto wamekula, nami nimekula nao. Baba, zina ladha ya tuta la mama.

Mwanao,
Kijiko